Mgeni wa Kusi: Safari ya Kumtazama Nyangumi Kutoka Shimoni



Sisi watu wa pwani huigawa miaka yetu kwa pepo. Ipo kaskazi, iliyokuwa ikiyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Ipo kusi, iliyokuwa ikiyarudisha. Na baina ya hizo mbili ipo tangambili, wakati ambapo upepo hauna msimamo na nahodha hutweka tanga kwa tahadhari. Lakini kusi ina mgeni wake mwenyewe, ambaye hutajwa kwa nadra katika mabaraza yetu ingawa hupita mbele ya milango yetu kila mwaka, kuanzia Julai hadi Oktoba. Mgeni huyo ni nyangumi.

Akina mama kadhaa wametuletea suali moja kwa maneno tofauti: je, hizi safari za boti za kwenda kuwatazama nyangumi na pomboo, ambazo watoto wetu wanaziona katika simu, zinawafaa watu wa nyumba zetu, au ni starehe ya watalii tu? Tukaona si vyema kujibu kwa mambo ya kusikia. Basi mwishoni mwa Septemba, demani ilipoanza na bahari ikapungua ukali, tulifunga safari, familia nne, watu 17 kwa jumla, wakubwa kwa wadogo, tukaelekea Shimoni. Haya tunayoyaandika ni yale tuliyoyaona, pamoja na yale ambayo msafiri anafaa kuyajua kabla hajaingia chomboni.

Mgeni huyu ni nani?

Tuanze kwa kumjua mgeni, kwani asiyemjua mgeni wake hawezi kumkirimu. Nyangumi huishi majini, lakini si samaki kama changu au nguru. Hana matamvua. Ana mapafu, na lazima apande juu avute pumzi kupitia matundu yaliyo utosini mwake. Damu yake ni ya moto, hubeba mimba, huzaa, na hunyonyesha. Mkubwa kuliko samaki wote duniani ni yule papa tumwitaye papa shilingi, mwenye madoa kama sarafu mgongoni. Yeye ni samaki kwelikweli, na ni mpole, hula viumbe vidogo vidogo vinavyoelea majini. Nyangumi ni jamaa ya pomboo, wala si jamaa ya papa.

Nyangumi wanaopita kwetu kwa wingi ni wa aina yenye nundu, ambao mapezi yao ya ubavuni ni marefu mno, hufika hata thuluthi ya mwili. Aliyekomaa huwa na urefu wa mita 13 hadi 15 hivi, na uzito wake unaweza kufika tani 30 na zaidi. Makao yao ya kula ni kusini kabisa mwa dunia, kwenye maji ya barafu ya Antaktika, ambako hujaza matumbo yao kwa vijikamba vidogo viitwavyo krili. Kisha, baridi inapozidi huko, huondoka wakaja kaskazini, mwendo wa kiasi cha kilomita 6,000, hadi kwenye maji ya joto ya Msumbiji, Bukini, Tanzania na Kenya. Hapa hawaji kutafuta chakula, kwani chakula chao hakipo. Wanakuja kuoana, kuzaa na kulea.

Hebu akina mama wayatafakari haya. Nyangumi jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 11 hivi. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 hivi na uzito unaokaribia tani moja. Hana mafuta ya kutosha mwilini kumkinga na baridi kali, na hawezi kukaa sana chini ya maji bila ya kupanda kuvuta pumzi. Basi mama humleta ulimwenguni kwenye maji ya uvuguvugu, humnyonyesha maziwa mazito yaliyojaa mafuta, na katika miezi yote hiyo yeye mwenyewe hali kitu, au hula kidogo sana. Anaishi kwa akiba ya mafuta aliyoiweka mwilini kule kusini. Kila tone la maziwa linatoka katika akiba hiyo, na akiba hiyo hiyo ndiyo itakayomrudisha Antaktika akiwa na mwanawe ubavuni. Kila anapolazimika kukimbia bila sababu, anaitumia akiba isiyoweza kujazwa mpaka amefika kwao.

Wazee wa kale walimjua kiumbe huyu. Al-Mas'udi, msafiri na mwanahistoria mashuhuri wa Baghdad, alisafiri kutoka Qanbalu hadi Oman mwaka 304 wa Hijra, na wataalamu wengi hukadiria kwamba Qanbalu ilikuwa katika kisiwa cha Pemba. Katika kitabu chake Muruj adh-Dhahab ameeleza juu ya samaki mkubwa wa bahari ya Zanj, arushaye maji juu, na mabaharia wakimwogopa na kupiga kelele ili awaepuke. Ambari, ambayo ilisafirishwa kutoka pwani hizi kwa karne nyingi na kuingia katika manukato ya wafalme na ya maharusi, hutoka tumboni mwa aina nyingine ya nyangumi, azamiaye kina kirefu akala ngisi.

Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.), kuna kisa cha jeshi la watu 300 chini ya uongozi wa Abu Ubayda (R.A.), ambao walifikwa na njaa hata wakala majani, kisha wakamkuta ufukweni samaki mkubwa mno aitwaye al-anbar, wakala nyama yake kwa siku nyingi. Ubavu wake uliposimamishwa, ngamia na aliyempanda akapita chini yake. Ama kisa cha Nabii Yunus (A.S.) ndani ya tumbo la samaki, kila mtoto wa madrasa anakijua. Qur'ani imemwita Dhun-Nuun, Mwenye Samaki. Wala si juu yetu kuihukumu aina ya samaki huyo. La muhimu ni kwamba aliyeitwa katika giza lile aliitikia.

Njia ya Shimoni

Kutoka Mombasa tulivuka Likoni kwa feri baada tu ya swala ya alfajiri, tukapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, kisha tukaiacha barabara ya Lungalunga na kushika njia ya kushoto iteremkayo Shimoni. Mwendo wote haufiki kilomita 90. Mji wa Shimoni umepewa jina lake na mapango yaliyo ndani ya mwamba wa matumbawe kando ya bahari. Humo, kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, walifungiwa watu waliouzwa utumwani kabla ya kupakiwa vyomboni. Wenye watoto wakubwa wasipite bila kuwaonyesha pango hilo. Sisi tuliingia, tukawaombea rehema waliodhulumiwa humo, tukatoka kimya.

Gatini tulipokewa na nahodha mwenyeji wa Wasini, mtu mzima wa makamo aliyekulia katika uvuvi wa mshipi na sasa anaendesha boti ya kuwabeba wageni. Kabla ya kupanda alimvisha kila mtu jaketi la kuokoa maisha, na kwa watoto alizifunga kamba mwenyewe. Twawanasihi wazazi: nahodha asiye na jaketi la kila mtoto asipandwe, hata akiwa ni jamaa. Bahari haina ujamaa.

Akina mama wetu walikuwa wamejiandaa vyema. Walivaa madera mapana na suruali ndani, na mitandio iliyofungwa imara, wakayaacha mabuibui yao garini, kwani buibui likilowa huwa zito na humzonga mtu akianguka majini. Walichukua chai ya tangawizi na ndimu za kunusa kwa ajili ya kigegezi, kofia za watoto, na maji ya kutosha. Boti ilikuwa na kitambaa juu cha kukinga jua, na kwa kuwa tuliikodi sisi peke yetu, wanawake walikaa upande wao wakiwa huru.

Pomboo wa mkondo wa Wasini

Baina ya Shimoni na kisiwa cha Wasini kuna mkondo mwembamba wenye maji ya kijani kibichi. Upande wa kusini wa kisiwa kuna visiwa vya Mpunguti, na mbele yake Kisite. Eneo lote hilo liko chini ya ulinzi wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kisite ni hifadhi kamili, havuliwi hata samaki mmoja. Mpunguti ni akiba, ambako wavuvi wanaruhusiwa kuvua kwa njia za jadi. Nahodha alitueleza tofauti hiyo huku akitabasamu, akisema kuwa samaki wanaijua mipaka kuliko watu.

Hatukwenda mbali kabla mtoto mmoja hajapiga ukelele. Pezi jeusi lilitokeza, kisha la pili, kisha matano kwa pamoja. Pomboo hawa ni wenyeji wa hapa, huonekana mwaka mzima. Nahodha aliipunguza mashine hadi ikawa inanguruma chini kwa chini, akashika njia iliyokwenda sambamba na yao, asiwaelekee wala asiwakatie mbele. Baada ya muda wao wenyewe wakatusogelea. Wawili walikuja chini ya omo ya boti wakacheza katika mawimbi yake, na wanawake waliokuwa wameinama kutazama wakaisikia pumzi yao inavyotoka, sauti kama ya mtu anayeshusha mzigo mzito. Mmoja alikuwa na mtoto ubavuni, mdogo, akipanda anapopanda mamake na kushuka anaposhuka.

Nahodha alituonyesha kwamba mapezi yao ya mgongoni hayafanani: hili lina pengo, hili limechanika ncha, hili lina kovu. Kwa alama hizo watafiti wamewapiga picha na kuwatambua mmoja mmoja. Nyangumi naye hutambuliwa kwa upande wa chini wa mkia wake, ambao rangi zake nyeupe na nyeusi hutofautiana baina ya nyangumi na nyangumi kama alama za vidole vyetu. Watoto wetu waliokuwa na simu walipata kazi ya maana kuliko kujipiga picha wao wenyewe.

Kisite tulitia nanga penye maji yanayoangaza hadi chini. Tuliwaona pono, tasi, chewa aliyejificha penye mwamba, na taa aliyelala mchangani. Kasa mmoja alipanda, akatoa kichwa, akatutazama kama mzee aliyeamshwa usingizini, akazama. Wenyeji wanamjua kasa wa kawaida na ng'amba, ambaye gamba lake lilichongwa vitana na mapambo kwa miaka mingi hata akawa adimu. Kwa jumla aina tano za kasa zimeonekana katika maji ya Kenya, na zote zinalindwa kwa sheria.

Pale alipotokea mgeni

Ili kumwona nyangumi yapasa kutoka nje ya miamba, kuelekea kwenye Mlango wa Pemba, ambako bahari huzama ghafla na rangi yake hugeuka kuwa buluu nzito. Hapo mawimbi ya kusi yalikuwa bado yana nguvu, na watu watatu wetu walikumbatia ndoo. Tulizunguka kwa muda unaokaribia saa nzima bila kuona kitu. Nahodha alituambia tusitazame karibu, tutazame upeo wa macho, tutafute moshi.

Na kweli ulikuwa kama moshi. Mbali, upande wa kusini mashariki, ukungu mweupe ulipanda juu ukasambaa. Kisha mwingine ukapanda kando yake, mfupi, kama wa birika dogo karibu na sufuria kubwa. Nahodha akasema kwa sauti ya chini, "Ni mama na mwana." Akapunguza mwendo, akasogea kwa pembeni, na tulipokuwa bado tuko mbali, mita mia na ushei kwa makadirio yetu, akaitoa mashine gia, boti ikabaki kuelea.

Mgongo ulitokeza taratibu, mweusi, unaong'aa, ukaendelea kutokeza hata tukadhani hautakwisha. Kisha pezi dogo, kisha nundu, kisha ukazama. Yule mdogo alipanda ubavuni mwake, akavuta pumzi, akarudi chini. Hakuna mtu chomboni aliyesema neno. Wengine walikuwa wakisoma tasbihi kwa midomo tu. Mara ya tatu mama alipopanda alikuwa karibu zaidi, kwani yeye ndiye aliyekuwa akija upande wetu, nasi hatukusogea.

Ndipo boti nyingine ikafika. Hatutaitaja ni ya nani, wala haina maana, kwani zipo nyingi mfano wake. Ilikuja kwa kasi kutoka mbele yao, imejaa watu waliosimama na simu zao, ikakata maji baina ya mama na kina alichokuwa akikielekea. Mama alimvuta mtoto upande wa pili wa mwili wake, akaupiga maji kwa mkia, kishindo kilichofika vifuani mwetu, wakazama wote wawili. Walipotokeza tena walikuwa mbali sana, wanakwenda haraka, na pumzi za mtoto zilikuwa za karibu karibu. Boti ile ikawafuata. Sisi hatukuwaona tena.

Katika msafara wetu alikuwapo bibi mmoja, mkunga kwa miaka mingi, ambaye amewapokea watoto wengi wa mtaa wetu. Aliitazama boti ile mpaka ilipopotea machoni, akasema: "Yule yumo katika arobaini yake. Nani huingia chumbani kwa mzazi bila hodi, akamvuta mtoto amwone?"

Maneno ya nahodha

Tulipokuwa tukirudi tulimuuliza nahodha kwa nini wenziwe hufanya hivyo ilhali wengi wao wanaijua bahari kuliko sisi. Hakuwatetea, wala hakuwalaumu peke yao. "Maalim," alisema, "wageni wanakuja na saa mkononi. Wanasema, sogea, sogea, tutakuongeza. Nisiposogea, kesho wanakodi boti ya mwenzangu. Anayenilipa ndiye anayenikimbiza." Kisha akaongeza kwamba leo, tulipomwambia tangu gatini kuwa hatuna haja ya kukaribia, alijisikia kama aliyetuliwa mzigo.

Tumeyazingatia sana maneno haya, kwani ndani yake mna jawabu la suali tulilotumwa nalo. Madhara hayaanzii kwenye usukani. Yanaanzia kwenye kiti cha abiria, kwenye mdomo wa yule anayesema "sogea". Na sisi tukienda na familia zetu, sisi ndio abiria.

Adabu ya kumtazama mzazi

Dunia iliwahi kumfanyia nyangumi dhuluma kubwa kuliko kukimbizwa na boti. Katika karne ya 20, zaidi ya nyangumi nundu 200,000 waliuawa katika nusu ya kusini ya dunia, mafuta yao yakafanywa mafuta ya taa, sabuni na siagi ya kupaka mkate. Walibaki wachache mno. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwapa ulinzi katika bahari za kusini mwaka 1963, ikaitangaza Bahari ya Hindi kuwa mahali pa amani kwao mwaka 1979, na mwaka 1982 ikapitisha kusimamisha uwindaji wa biashara, uamuzi ulioanza kutumika mwaka 1986. Tangu hapo idadi yao imekuwa ikipanda. Kwa hiyo mama tuliyemwona ni katika mabaki ya kabila lililonusurika, na mtoto wake ni katika neema ya kurudi kwao.

Huenda msomaji akasema: je, si windo la bahari ni halali kwetu, na masahaba walikula al-anbar? Naam, ni halali, na hatuharimishi alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Lakini kula kwa haja ni jambo moja, na kumtia kiumbe kiherehere kwa ajili ya picha ni jambo jingine. Amepokea Abu Dawud kisa cha masahaba waliochukua makinda mawili ya ndege mdogo, mama yao akaja akipapatika mbawa zake. Mtume (S.A.W.) alipomwona akauliza ni nani aliyemuudhi kwa ajili ya wanawe, akaamuru arejeshewe. Ndege yule hakudhuriwa mwilini. Alitiwa hofu juu ya watoto wake tu, na hofu hiyo ilitosha kukatazwa. Mwenye kukielewa kisa hiki hahitaji sheria ndefu juu ya nyangumi.

Tena mila zetu wenyewe zimekwisha kutufundisha. Anayekwenda kumtazama mzazi hubisha hodi, akangoja. Hakai muda mrefu. Hapigi makelele. Hamchukui mtoto mikononi mwa mamake ila apewe. Na akimwona mzazi amechoka, huaga akaondoka hata kama chai bado haijaletwa. Ukiyachukua mambo haya ukayapeleka baharini, utakuta ndiyo kanuni zile zile zinazofuatwa na wenye kujua kazi hii katika nchi nyingi.

Nahodha asogee polepole, kwa pembeni, asitokee mbele wala asiwafukuze kwa nyuma. Asipite baina ya mama na mtoto. Akifika kiasi cha mita 100 asimame, na penye mtoto mchanga azidishe umbali. Kama nyangumi atakuja mwenyewe, huo ni ukarimu wake. Mashine ibaki bila gia mpaka apite. Boti zisirundikane, ikiwa mbili zimekwisha kufika, ya tatu ingoje mbali. Muda wa nusu saa unatosha. Mtu asiruke majini. Na akipiga mkia kwa nguvu, akibadilisha njia ghafla, au akimficha mtoto upande wa pili, basi ameshasema kwa lugha yake kwamba wageni waondoke.

Kelele nazo zina hukumu yake. Sauti husafiri majini kwa kasi inayozidi mara nne ya kasi yake hewani, na nyangumi hutegemea kusikia kuliko kuona. Dume huimba nyimbo ndefu katika msimu huu, na mama na mtoto husemezana kwa sauti ndogo. Mashine inayonguruma juu ya vichwa vyao ni sawa na mtu anayepiga debe dirishani kwa mzazi.

Kisiwa cha Wasini

Adhuhuri tuliteremka Wasini, kisiwa cha Waislamu kisicho na magari, ambacho kwa miaka mingi mvua ndiyo iliyokuwa kisima chake, maji yakihifadhiwa katika majabia. Wanaume tuliswali msikitini, na wanawake walipewa chumba katika nyumba ya mwenyeji. Kisha tulikula wali wa nazi, samaki wa kuchoma, kaa, na mboga pwani, ambayo huota kando ya maji ya chumvi.

Nyuma ya kijiji lipo jambo ambalo akina mama wetu walilifurahia kuliko chakula. Kikundi cha wanawake wa Wasini wamejenga njia ya mbao inayopita juu ya mikoko na katikati ya bustani ya matumbawe ya kale, yaliyoachwa nje na bahari zamani sana, yamesimama kama magofu ya mji. Mgeni hulipa kiingilio kidogo, na mapato huwasaidia watoto wa kijiji masomoni. Mmoja wa wanawake hao alituambia kwamba wageni wakiacha kuja kwa sababu pomboo wamehama, kiingilio hakitakuwapo. Kwa hiyo amani ya pomboo ni karo ya mtoto wake.

Katika mazungumzo hayo hayo mzee mmoja alimtaja nguva. Wasomaji wetu vijana huenda wanamjua katika hadithi za bibi tu: mnyama mpole anyonyeshaye, alaye majani ya baharini. Zamani alionekana katika maji haya. Jarife za wavuvi zilimnasa, akazama kwa kukosa pumzi, nyasi zake zikaharibiwa, na hakuna aliyemhesabu alipokuwa akipungua. Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliwekwa katika daraja ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, kwa makadirio ya kuwa wakomavu waliobaki hawafiki 250 kuanzia pwani zetu hadi Msumbiji. Nguva hakuondoka kwa siku moja. Aliondoka kidogo kidogo huku kila mtu akidhani wapo wengine.

Jawabu letu

Basi kwa walioyauliza, jawabu ni hili: safari hizi zinawafaa watu wa nyumba zetu, tena zinafaa sana, kwani ndani yake mna mazingatio ambayo darasa zetu haziwezi kuyatoa. Anayetaka kuwaona nyangumi aende baina ya Julai na Oktoba, kutoka Shimoni, au Watamu, ambako huonekana sana katika msimu huo. Anayeogopa mawimbi angoje kaskazi, atosheke na pomboo, kasa na matumbawe. Ajue kwamba nyangumi ni rizki. Aweza kulipa nauli asimwone, wala asimdai nahodha kwa hilo.

Lakini tuna sharti moja juu ya kila mzazi atakayekwenda. Kabla ya kulipa, amwambie nahodha mbele ya watoto wake: "Hatutaki kumkimbiza mtu. Tukimwona mbali, tumeridhika." Na kama kuna cha kuongeza, amwongeze kwa kusimama mbali, si kwa kusogea. Watoto wasikie maneno hayo kwa masikio yao. Manahodha nao, wakishayasikia kutoka boti moja hadi nyingine, watajua kwamba ipo riziki katika subira. Waliojiajiri katika kazi hii wengi ni wana wetu na ndugu zetu. Tusiwalipe ili wavunje mlango wa nyumba inayowalisha.

Tunamwomba Allah awajaalie manahodha wetu usalama, azijaalie bahari zetu baraka, na awape wageni wetu wa kusi amani ya kuzaa na kulea mpaka wakati wa kurudi kwao utakapofika. Aamin.

Wabillahi tawfiq.